Kwa nini anaandika 23?

SWALI: Mwanangu wa miaka 10 ana ulemavu wa akili. Anahesabu hadi 100 bila kukosea, lakini 32 − 15 kila mara anaandika 23. Nimsaidieje? – Mama, Morogoro

JIBU: Mama, huyo hakisii. Ametoa 2 kwenye 5 akapata 3, kisha 1 kwenye 3 akapata 2. Anatoa ndogo kwenye kubwa kila safu kwa sababu haoni makumi, anaona tarakimu tu. Na lugha yetu inayaficha: "kumi na mbili" inajieleza, "thelathini" haijielezi. Semeni kwanza "makumi matatu na mbili".

Mpe njiti 32 za kiberiti zilizoondolewa vichwa. Afunge mwenyewe mafungu 3 ya 10 kwa rababendi. Ukimfungia wewe, kwake fungu ni kitu kimoja tu. Atoe 5 kwenye zile 2 zilizobaki nje ya mafungu: hazitoshi. Afungue fungu moja, zifike 12, atoe 5, zibaki 7. Mafungu 2 yaliyobaki atoe 1. Jibu ni 17. Sema "fungua", usiseme "kopa", maana mkopo hulipwa na hapa hakuna kinachorudishwa.

Kalamu ije baadaye: mstari kwa kila kumi, nukta kwa kila moja. Maswali 3 kwa siku yanatosha.