Mkuu zima hiyo skripti kwanza, saiti ya pili ivute yenyewe

Mkuu zima kwanza hiyo skripti ndo tuongee. Umeandika kwamba seva yako ya bakapu kila usiku itasukuma kila kitu kwenda saiti ya pili kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) yenye --delete, yaani kilichofutwa huku kinafutwa na kule, na kule itaingia kwa akaunti ile ile ya admini unayotumia huku, halafu unauliza uchukue laini ya kasi gani, programu ipi ni nzuri, na kama ubane data kabla ya kutuma. Hayo yatasubiri. Hapo hujajenga bakapu, umejenga kioo, na kioo kinaonyesha chochote kilichosimama mbele yake hata kama ni uchafu.

Sisi tulikuwa na mpangilio huo huo. Seva ya bakapu ilikuwa kwenye domeni moja (mfumo mmoja unaosimamia akaunti na paswedi zote) na seva nyingine zote, kwa hiyo aliyekuwa admini wa domeni alikuwa admini wa kila kitu, huku na kule. Wahuni wakaingia kwa paswedi ya fundi mmoja, na hawakukimbilia kufunga mafaili kama watu wengi wanavyodhani. Walitulia. Wakaangalia bakapu zinakwenda wapi, saa ngapi, kwa akaunti gani, wakafuta bakapu kwanza ndo wakasimba seva zilizobaki, yaani wakafunga mafaili kwa ufunguo wanaoujua wao tu, na skripti yetu saa ilipofika ikaamka, ikakuta huku mafaili hayapo, ikaenda kule ikayafuta na yenyewe, halafu ikaandika kwenye logi kwamba kazi imekamilika bila kosa. Asubuhi tunakimbilia saiti ya pili tunakuta kilichonakiliwa vizuri ni barua ya wale jamaa ya kudai pesa, basi.

Tulichoambulia ni diski ya nje ambayo mtu aliichomoa zamani ikabaki kabatini. Watu wa uhasibu wakarudi kuingiza ankara moja moja kutoka kwenye makaratasi, na kuna kumbukumbu hazijarudi mpaka leo.

Na mtu ninayemlaumu mpaka kesho ni yule mshauri aliyetuuzia mfumo. Tulimuuliza mbele ya bosi, data ikifutwa huku kule itakuwaje? Akajibu msiwe na wasiwasi, kule kuna nakala. Nakala ya nini? Huyo ni mtu analipwa kwa kujua hii kitu, na bado anawaambia watu replikesheni, yaani kunakili kila badiliko kwenda kule, ndo bakapu! Replikesheni itakusaidia jengo likiungua, na majengo yanaungua kweli, tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa kiliteketea na wapo wateja ambao bakapu zao zilikuwa pale pale. Kwa hiyo saiti ya pili unaihitaji, hilo sibishi. Ila tafuta pia kilichowakuta Code Spaces, kampuni iliyokuwa ikiwatunzia watu kodi za programu, mwaka 2014. Mtu alipata njia ya kuingia kwenye paneli yao ya Amazon, akafuta mashine, akafuta diski, akafuta na bakapu, na kampuni ikafunga. Pale hakuna kilichoungua, ni funguo moja tu ilikuwa inafungua milango yote.

Sasa shika hili: huku kusiwe na uwezo wowote wa kufuta kule. Seva ya saiti ya pili ndo ije kuvuta, kwa akaunti ya kusoma tu, na yenyewe isiwe kwenye domeni yenu, iwe na paswedi zake, na fayawoli ya kule isiruhusu muunganisho wowote unaoanzia huku. Ikishavuta ipige snapshoti (picha ya mafaili yalivyo saa hiyo) upande wake na izitunze wiki nyingi, maana ukivuta bila kutunza matoleo ya nyuma utavuta mafaili yaliyoharibika vile vile, na hawa watu wanaweza kukaa ndani muda mrefu kabla hujawagundua. Kama kule ni stoo ya wingu aina ya S3, washa Object Lock (kufuli la kuzuia kufuta) kwa hali ya compliance, hapo hata akaunti kuu haifuti mpaka muda uliouweka uishe. Hali ile nyingine, governance, mwenye ruhusa maalum anaipita, usiitegemee peke yake. Na ufunguo wa kusimbua bakapu utunze nje ya seva kuu, la sivyo utabaki na mafaili mazima usiyoweza kuyafungua.

Watu wataniambia naogopa kupita kiasi. Sawa, waendelee kuniambia, bakapu zangu zipo.

Laini yenyewe: terabaiti 10 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, ikitumika yote bila kukatika, ni zaidi ya siku 9, kwa hiyo nakala ya kwanza ibebe kwa diski, baada ya hapo vuta mabadiliko tu. Na kumbuka siku ya kurudisha njia ni ile ile, usije ukamuahidi bosi masaa mawili.

Leo kabla hujatoka kazini weka faili la majaribio kule saiti ya pili, halafu kaa kwenye seva yako kuu kama admini ujaribu kulifuta kwa njia yoyote unayoijua. Likifutika, usiwashe kitu, rudi hapa uandike ulivyounganisha tuangalie.