Maswali ya Wasomaji: Lami inakuja, watoto wapite wapi?

SWALI

Mhariri, shikamoo. Ninaishi jijini Dodoma, katika mtaa uliojengwa upesi miaka hii ya karibuni. Barabara yetu ni ya moramu na haina njia ya waenda kwa miguu. Upande mmoja kuna mtaro wa udongo ambao mvua zimeuchimba hadi umekuwa korongo. Binti yangu wa darasa la pili hupita katikati ya korongo hilo na bodaboda. Wiki iliyopita bajaji ilimpitia karibu mno, akatumbukia mtaroni, akarudi nyumbani goti limechubuka na kiatu kimoja kimepotea. Baadhi ya majirani wamemwaga kokoto na mchanga kando ya barabara, na mmoja amesogeza uzio wake wa michongoma. Tunasikia kwamba lami inakuja. Je, tuisubiri? Na mtoto, nimpandishe bodaboda?

Mama wa watoto watatu, Dodoma

JIBU

Marahaba, mama, na mpe pole binti yetu.

Msiisubiri lami. Nasema hivyo nikijua jinsi vumbi la mwezi wa nane linavyowachosha watu wa Dodoma, na jinsi kila mtaa unavyoitamani barabara ngumu. Hata hivyo, kwenye moramu mashimo yenyewe humlazimisha dereva kupunguza mwendo, lakini lami ikishawekwa kizuizi hicho huondoka. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha sheria katika maeneo ya makazi, ni karibu mita 14 kwa kila sekunde; dereva aliyechelewa sekunde moja tu kumwona mtoto atakuwa amekwishakwenda mita hizo zote kabla mguu wake haujagusa breki. Lami isiyokuwa na njia ya waenda kwa miguu inaweza kuwa hatari zaidi kwa binti yako kuliko barabara mliyonayo leo, na ndiyo maana wakati wa kudai njia hiyo ni sasa, kabla michoro haijakamilika.

Wengi huniambia kwamba nafasi haipo. Mimi naamini kwamba mara nyingi ipo, ila imejazwa. Mpango wa mji wa mwaka 1976, uliotayarishwa miaka mitatu baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ulifikiria mji ambao watu wake wangetembea kwa miguu na kupanda mabasi, na maeneo mengi ya jiji yamepimwa na kuachiwa hifadhi ya barabara. Niliwahi kuupima mtaa mmoja kwa hatua zangu mwenyewe, kutoka ukuta hadi ukuta, nikapata hatua kumi na tano. Magari yalikuwa yakitumia sita. Katika zile zilizobaki palikuwa na lundo la kokoto lililokwishaota majani, matofali, kibanda cha chipsi, na mwarobaini ambao chini yake kina mama wawili walikuwa wamesimama na ndoo zao kulikwepa jua. Njia yenye upana wa mita 1.8 huwatosha watu wawili wa viti vya magurudumu kupishana, na mtaa ule ungeweza kuitoa pande zote mbili bila kuvunja nyumba ya mtu.

Kwa hiyo anzeni na kilichomwagwa. Mwenyekiti wa mtaa akiwaita wenye kokoto na mchanga mbele ya mkutano, wakapewa siku za kuondoa, wengi huondoa, kwa kuwa ni jirani anayemwambia jirani. Uzio uliosogezwa ni jambo zito zaidi. Hilo mwachieni mwenyekiti na mtendaji walifuatilie kwa ramani ya viwanja, msigombane kwa panga. Miti iacheni. Jua la Dodoma la Oktoba halimruhusu mzee kutembea mbali pasipo kivuli, na njia inaweza kupinda kidogo kuupisha mwarobaini.

Kisha ombi lenu liandikwe katika muhtasari wa mkutano wa mtaa, lipite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala yake ifike TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla ya hapo, hivyo ombi linalofika Mei limechelewa. Ambatanisheni picha za korongo zilizopigwa siku ya mvua. Ombeni mtaro wa zege wenye mifuniko imara, maana mtaro uliofunikwa vizuri huwa ndiyo njia yenyewe, na mahali penye ufinyu hilo huokoa nafasi na fedha. Ombeni pia matuta na kivuko karibu na shule, na mteremko mdogo penye kila lango la gari ili kiti cha magurudumu kisikwame.

Kuhusu bodaboda, nakushauri usimpandishe. Mtoto wa darasa la pili hushika kwa shida, kofia ngumu za watu wazima hazimkai kichwani, na asubuhi za shule mishikaki ya watoto watatu ni jambo la kawaida. Zungumza na wazazi wenzako wa mtaani, watoto watembee pamoja na mtu mzima mmoja awasindikize kwa zamu, wakipita upande wa kulia ili waone vyombo vinavyowajia. Mkubwa wao atangulie, na binti yako ashikwe mkono upande ulio mbali na magari, hasa pale penye korongo.