Waya na viunganishi vya pikipiki kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi

Mkuu, umeuliza ununue waya gani kwa bodaboda inayolala Raskazone, taa ya mbele inakatika kila ikipita kwenye shimo, na waya umeshabadilishwa mara mbili. Usinunue wa tatu kabla hujakagua maungio. Hapa Tanga hewa ya chumvi inapenya popote palipozungushiwa tepu nyeusi peke yake. Bandua hiyo tepu: gundi imeyeyuka kwa joto, shaba imeota kutu ya kijani. Kutu hiyo hutambaa ndani ya ganda, kwa hiyo kata ukirudi nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache dukani. Waya wa nyumba wenye uti mmoja haufai kabisa, mtikisiko wa injini huukatia ndani ya ganda na kwa macho huoni kitu. Taa ya wati 35 kwenye volti 12 inakula karibu ampea 3, hivyo milimita za mraba 0.75 zinatosha. Indiketa 0.5. Njia kuu ya betri na ya kuchaji, weka 2.

Viunganishi vya mviringo, dume na jike, vipime. Dume la milimita 3.5 linaingia kwenye jike la 3.9 bila shida, ila linacheza. Mguso ukiwa mdogo joto linapanda, na plastiki inageuka kahawia. Kwa maungio ya karibu na taa na chini ya tangi, lipia zaidi upate soketi zenye mpira wa kuzuia maji.

Kazi yenyewe iko kwenye kubana. Tumia koleo la kubania terminali (kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya), plaisi inaiponda tu. Vaisha waya mpira unaosinyaa kwa joto kwanza (wengi husahau!), menya milimita 5, kisha mabawa ya mbele ya terminali yabane shaba na ya nyuma yabane ganda. Hayo ya nyuma ndiyo yanayobeba mtikisiko. Vuta kwa mkono, ikichomoka, rudia. Kulehemu kwa risasi sikushauri: risasi hupanda kwenye nyuzi, waya unakuwa kijiti, na unakatikia pale risasi inapoishia.

Ethi nayo, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu: kwangua rangi ya fremu hadi chuma cheupe, kaza bolti, ndipo upake grisi juu.

Kama taa yako inawaka hata injini ikiwa imezimwa, yaani inatumia umeme wa betri, basi pima umeme unaopotea njiani. Washa taa, mita ya fundi (multimeter) iwe kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye chanya ya balbu. Ikizidi volti 0.5, kuna ungio linalokula umeme njiani. Pima hivyo hivyo upande wa ethi, kutoka hasi ya balbu hadi hasi ya betri. Kama inawaka injini ikinguruma tu, umeme wake huenda unatoka moja kwa moja kwenye koili za kuchaji, na kufifia injini ikizunguka polepole ni kawaida yake.