Faiba na kipindupindu cha ziwani

Dada, umeuliza kama faiba, hii inayotuletea intaneti hapa Kisumu, inaweza kutambua kipindupindu kwenye maji ya Ziwa Victoria pale ufukweni Dunga. Inaweza, lakini si ile iliyofukiwa kando ya barabara. Huandaliwa maabara.

Uzi wenyewe wa kioo una unene wa mikromita 125. Ganda lake huondolewa sehemu ndogo kwa asidi, na hapo mwanga unaopita ndani huchungulia nje kidogo sana, nanomita 100 au 200 hivi. Kwenye uso huo hubandikwa vipande vifupi vya DNA vya upande mmoja, vilivyopangwa kuoana na jeni ya sumu ya kipindupindu, ctxA. DNA ya kidudu ikifika, herufi zake huoana na za vipande hivyo, A hushika T, G hushika C, na mwanga hubadilika. Kifaa husoma badiliko hilo.

Kazi kubwa iko kwenye maji, na naona wengi hulipita jambo hili. Lazima uchuje tope na mwani, upasue vidudu, upashe DNA joto hadi karibu nyuzi 95 ili pande zake mbili ziachane, na mara nyingi uizidishe kwanza kwa kuinakili. Joto la chumba likipanda, vipimo huyumba. Ndiyo maana huwekwa uzi wa pili usio na DNA, wa kulinganishia.

Halafu DNA ya vidudu vilivyokufa nayo huonekana. Maji uliyoyatia klorini jana yanaweza bado kuonyesha kipindupindu ingawa hayana madhara tena.