Sauti yako si ndogo, imebanwa

Binti mmoja wa kwaya ya parokia ameniandikia: "Dada, mwalimu kanirudisha mstari wa nyuma, anasema sina sauti. Niache kuimba?"

Usiache, mdogo wangu. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mbele ya kwaya nzima, na mwalimu ambaye hakuwahi kunionyesha sauti inatengenezwa wapi. Mpaka leo yananichoma. Lakini Pasaka iliyopita umeme ulikatika katikati ya misa, maiki na kinanda vikazima, nikaimba wimbo wa katikati hivyohivyo, na waumini waliosimama nje wakaitikia.

Wala sikupayuka. Nyuzi za sauti ni ndogo mno. Zenyewe hutoa mlio mwembamba kama wa nyuki. Kinachoupa mlio huo mwili ni mvumo wa nafasi iliyo juu yake, koo na kinywa, njia ya kama sentimita 17 kwa mwanamume mzima, fupi kidogo kwetu wanawake. Njia hiyo hukuza mitetemo fulani na kufifisha mingine. Ukisogeza ulimi, taya au midomo, sauti inabadilika hata kama noti ni ileile.

Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha kwamba waimbaji wa opera, hasa wanaume, hukusanya nguvu karibu na mitetemo 3000 kwa sekunde. Nguvu kubwa ya okestra, lile kundi la wapiga ala linalowasindikiza, iko chini, karibu na 500, na masikio yetu ni mepesi sana huko kwenye 3000. Ndiyo maana mtu mmoja bila maiki anasikika juu ya ala zote zile.

Sisi wa sauti ya kwanza, kwenye noti za juu dawa yetu ni taya. Chukua neno "Bikira" likiangukia juu: "i" ya mdomo uliofungwa itakunyonga. Shusha taya, iache ielekee "e" kidogo. Wasikilizaji bado watasikia "Bikira".

Halafu shika "ng'" ya ng'ombe, taratibu, usikie mtetemo puani na mashavuni, kisha ifungue iwe "a" bila kuongeza pumzi. Rudia kila siku. Jamani, waimbaji wenzangu, acheni kulikamua koo! Mungu hakutupa koo tulichane kila Jumapili. Fungueni nafasi, rudieni hiyo "ng'", rudieni tena.

Na mwalimu akitaka kukupima, aende akakae benchi la mwisho. Akisimama kando yako hawezi kujua sauti inafika wapi.