Barua kwa mwanangu: hiyo chanjo ya seli

Mwanangu,

Salamu za Nyegezi, sote wazima. Umeniuliza kama ukubali kuchomwa chanjo mpya ya mafua makali huko Uingereza, maana tangazo linasema ni awamu ya kwanza ya majaribio na imekuzwa kwenye seli za mbwa. Baba yako aliposikia mbwa, akasukuma sahani.

Hilo la mbwa lisikutishe. Seli hizo zilitolewa kwenye figo la mbwa mmoja mwaka 1958, na uzao wa seli hizo unaendelea kugawanyika maabara hadi leo. Virusi hukuzwa humo, huuawa, kisha husafishwa. Chanjo nyingi za mafua bado hutegemea mayai ya kuku, ila kirusi kikizoea yai huweza kubadilika, kinga isilingane na kile kinachotembea mitaani. Na mafua ya ndege yakifagia mabanda, mayai utayatoa wapi? Marekani iliidhinisha chanjo ya mafua ya seli mwaka 2012, kwa hiyo njia si ngeni. Ngeni ni hiyo watakayokuchoma.

Sasa sikiliza, hapa nasema kama nesi, si kama mama tu. Awamu ya kwanza hasa inauliza kama chanjo inadhuru. Kama inazuia ugonjwa, hilo ni la baadaye. Ndiyo maana wanachukua watu wachache wenye afya. Utachomwa begani, utakalishwa uangaliwe, utarudi na kipimajoto, rula ya kupimia wekundu na uvimbe, na karatasi ya kujaza kila jioni. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani upesi. Papasa kama pana joto au pamekaza, uandike. Baadaye watakutoa damu waone kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi, zimepanda kiasi gani.

Usiufananishe utafiti huo na ule wa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, uliofanyika hapa Mwanza kwa wasichana 930 kuanzia 2017. Chanjo zile zilikuwa zimeshaidhinishwa; walitaka kujua kama dozi moja inatosha. Wewe utakuwa miongoni mwa wa mwanzo.

Sikukatazi. Ila usisaini siku hiyohiyo. Nenda na fomu ya ridhaa nyumbani, uisome, kisha uwaulize: saa nane usiku nikizidiwa nampigia nani? Nikidhurika, gharama ni za nani? Kujitoa ni haki yako wakati wowote, bila kueleza sababu. Na kama kinachokuvuta ni hela wanayolipa, niambie kwanza, tuone hiyo kodi ya chumba tunaifanyaje.

Mama yako