Namba za Kijapani: zijifunze kwa Kiswahili, usizungukie Kiingereza

Mwaka wangu wa kwanza Nagoya, Japan, nilikosa kazi kwa sababu ya pumzi moja tu. Nilikuwa mwanafunzi natafuta baito, yani kibarua cha masaa machache (mwanafunzi wa nje haruhusiwi kuzidisha masaa 28 kwa wiki wakati wa masomo), nikapigiwa simu kwamba nianze tarehe nne, ambayo kwa Kijapani ni yokka, mimi nikasikia yooka ambayo ni tarehe nane, nikashukuru sana nikakata simu. Tarehe tano nikapiga mwenyewe kuuliza nije na viatu vya aina gani, nikaambiwa nafasi ameshapewa mtu mwingine. Iliniuma kweli, maana ile hela nilikuwa nimeshaipangia kodi ya chumba.

Usiku ule nikakaa kuyarudia yale maneno mawili, yokka, yooka, yokka, yooka, nikagundua kitu ambacho natamani mtu angeniambia kabla sijapanda ndege. Mimi sikio la kutofautisha haya maneno ninalo toka utotoni. Kwetu kufa na kufaa ni kitu kimoja? Hapana, na hakuna Mswahili anayechanganya. Kuvuta irabu tunakujua vizuri tu, ila mimi Kijapani nilijifunza kupitia video za Kiingereza, kwaiyo nilikuwa nasikiliza kama wanavyosikiliza wao. Kichwani namba ilikuwa inatoka moja inapitia wan ndo inafika ichi, safari ndefu isiyo na kazi.

Kwaiyo ushauri wangu wote leo ni huo, toa Kiingereza katikati.

Anza na matamshi. Irabu zao ni a, i, u, e, o, zile zile za kwetu. Ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyuu, juu. Zisome kama ulivyosoma a e i o u darasa la kwanza na utaeleweka. Ile n ya san usiimeze, ipe nafasi yake kama n ya nchi. Ukishafika kumi, yani juu, kazi kubwa imeisha, maana kumi na moja ni juu-ichi, kumi na mbili juu-ni, hata ile "na" hawaweki. Ishirini ni ni-juu, makumi mawili, thelathini san-juu, hivyo hivyo mpaka tisini kyuu-juu. Sisi ishirini, thelathini, arobaini tumezitoa Kiarabu kila moja inabidi uikariri peke yake, wao hiyo shida hawana.

Kama ulishawahi kwenda karate utasema mbona mwalimu alikuwa anasema shi, shichi, ku. Yupo sahihi. Nne, saba na tisa zina majina mawili mawili, na ukihesabu kupanda moja mpaka kumi kama kwenye mazoezi mara nyingi utasikia shi, shichi, ku. Ila shi inafanana sauti na neno la kifo na ku na neno la mateso, ndo maana kuna majengo na hospitali zinaruka chumba namba 4, na hata plate namba za magari zinazoishia na 42 hazitolewi hivi hivi mpaka mwenye gari aombe, sababu shi-ni inasikika kama kufa. Mi nakushauri ushike yon, nana, kyuu kama kawaida yako, hizo ndo za bei na namba za simu, afu kariri sehemu chache zinazokataa, na muhimu kuliko zote ni saa: saa zao husemi yon-ji, nana-ji, kyuu-ji, unasema yo-ji, shichi-ji, ku-ji.

Hapo kwenye saa Kiswahili chetu kinaweza kukuponza usipokuwa makini. Shichi-ji ya asubuhi ni saba yao lakini kwetu ni saa moja, ku-ji ni saa tatu. Usijaribu kutoa sita kila mara mtu anapokwambia muda, utachelewa treni. Funga jina na tukio: shichi-ji ndo natoka nyumbani, ku-ji darasa linaanza, yo-ji jioni nipo njiani. Baada ya wiki mbili hutotafsiri tena.

Hela sasa. Mia ni hyaku, elfu ni sen, afu inakuja man ambayo ni elfu kumi, na hapa wanaojifunza kwa Kiingereza wanahangaika sana kwa sababu wao baada ya elfu hawana kitu mpaka milioni. Sisi tuna laki! Mtu aliyezoea kusema laki tatu na nusu badala ya elfu mia tatu na hamsini ameshazoea kuhesabu kwa mafungu makubwa, kwaiyo chukua laki yako zidisha kwa kumi tu. Laki moja ni juu-man. Laki tatu ni san-juu-man. Laki tatu na nusu ni san-juu-go-man. Milioni ni hyaku-man, man mia. Kodi yangu ilikuwa yen 52,000, go-man ni-sen, na nilichofanya nikaanza kuandika mkato kabla ya tarakimu nne za mwisho kwenye daftari, 5,2000, macho yakazoea upesi. Wale ndugu zangu mnaoagiza magari Japan hii inawahusu pia, matangazo ya kule kule kwao bei na kilomita vinaandikwa kwa man, ukiona 5.2 halafu ile alama 万 na km basi gari limetembea kilomita 52,000. Na ukiona mwaka umeandikwa H27 hiyo ni Heisei, jina la enzi ya mfalme wao, jumlisha 1988 unapata 2015. R ni Reiwa, enzi iliyofuata, jumlisha 2018.

Kuna kubadilika sauti kunakowatisha watu, mia tatu sio san-hyaku ni sanbyaku na inatamkwa sambyaku, mia sita roppyaku, mia nane happyaku, elfu tatu sanzen, elfu nane hassen. Usiogope. Wewe mwenyewe unasema viti viwili lakini nyumba mbili, nani alikufundisha wi igeuke mbi? Mdomo ulifanya wenyewe. Ukizisema kwa sauti mara nyingi mdomo utachagua njia rahisi, na njia rahisi ndo hiyo sahihi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kuhesabu vitu. Kila kitabu kinakuonya kwamba Kijapani kina maneno ya kuhesabia kulingana na aina ya kitu, vitu virefu kama penseli, chupa au mwavuli vina hon, vyembamba bapa kama karatasi, sahani na shati vina mai, vitabu satsu, magari na mashine dai, wanyama wadogo hiki. Wanafunzi wenzangu wa Ulaya walikuwa wanalalamika mpaka mwalimu anacheka, mimi nikawa nashangaa, maana mbona ni ngeli? Mtu mmoja, kitu kimoja, mti mmoja, jiwe moja, kila siku unaangalia kitu ni cha kundi gani ndo unahesabu. Tofauti ni kwamba sisi tunaweka mbele ya namba wao wanaweka nyuma.

Na kuna jambo zuri zaidi. Kijapani kina namba za seti mbili, za asili yao (hitotsu, futatsu, mittsu mpaka too) na zilizotoka China (ichi, ni, san). Kiswahili pia, moja, mbili, tatu, nne, tano, nane ni zetu za Kibantu na zinageuka na ngeli, sita, saba, tisa tulizichukua kwa Waarabu na ndo maana hazigeuki, watu wawili lakini watu sita. Basi Mjapani naye akihesabu watu anaanza na za kwao, hitori, futari, afu ghafla anahamia san-nin. Nilipoliona hilo nikaacha kukariri kwa hasira. Hata zile tarehe ngumu ni hadithi hiyo hiyo, tarehe mosi ni tsuitachi, sisi wenyewe hatusemi tarehe moja. Ukikwama dukani hujui kitu kinahesabiwaje, sema hitotsu, futatsu, vitu vingi vinakubali, ila watu na wanyama hapana.

(Saba yetu kwao ni samaki, aina ya kibua hivi, na wana msemo wa "kusoma saba" maana yake kudanganya namba, hasa umri. Toka nilipoujua sijawahi kuusahau.)

Kuhusu mazoezi, programu za simu nilizijaribu zikanichosha. Kilichonisaidia ni risiti. Kila nikirudi toka supamaketi naitoa risiti naisoma yote kwa sauti, bei moja moja mpaka jumla, na kodi yake, asilimia 8 kwa chakula na 10 kwa vitu vingine. Jioni nilikuwa naenda wakati wanabandika stika za punguzo, nikajifunza kwamba ni-wari sio asilimia mbili ni ishirini, wari moja ni sehemu ya kumi. Nikitembea nasoma plate namba za magari yaliyopaki. Ukiwa Dar au Mombasa unaweza kufanya hivyo hivyo na daladala, matatu na risiti zako za hapo hapo, huhitaji kuwa Japan.

Na tarehe kwenye simu usiipokee ikiwa peke yake, hata uwe na miaka kumi kule. Mi siku hizi nairudia pamoja na siku ya wiki, "yokka, mokuyoobi desu ne?", tarehe nne, Alhamisi, sivyo? Kama nimesikia vibaya siku itakataa na mwenye simu atanisahihisha hapo hapo.